Seti ya kiwanda cha plastiki kwa reli ndogo ya nyumbani: uzoefu wangu, Kisumu

Seti hii ya skeli ya 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, niliinunua iwe kitovu cha mji mdogo ninaoujenga chumbani, mji wa sukari wa mfano wa Muhoroni. Nimekaa nayo miezi minne. Naipa nyota tatu kati ya tano, na moja kati ya hizo nimeitolea jasho mwenyewe.

Plastiki yenyewe sina ugomvi nayo. Matofali yamechongwa kwa ustadi na madirisha yanaingia bila kulazimishwa. Ila bamba la chini lilifika limepinda, nikalilaza siku tatu chini ya mtungi wa gesi ndipo likanyooka. Nusu ya bomba la moshi haikuwemo kabisa. Muuzaji nilimwandikia mara mbili, kimya mpaka leo. Nikatumia bomba la kalamu.

Shida kubwa ni kwamba jengo limebuniwa kwa nchi ya theluji, na paa lake la vigae limesimama wima. Muhoroni ni mabati. Nilichukua foili, nikailaza juu ya soli ya ndala kuukuu, kisha nikavingirisha bolti ndefu ya milimita sita huku nikiikandamiza. Uzi wa bolti uliacha mikunjo ya milimita moja hivi, karibu sawasawa na mabati halisi ukiyagawanya kwa 87. Rangi ya kutu kidogo, paa likawa la kwetu.

Halafu ukubwa. Kiwanda cha mita 100 kwa skeli hii kinataka sentimita 115, na ubao wangu ni plywood ya futi nane kwa nne iliyopasuliwa katikati kwa urefu. Ukifuata karatasi ya maelekezo unapata kisanduku kinachofanana na posho mill. Kwa hiyo kuta mbili ndefu sikuzielekeza mgongo kwa mgongo. Niliziunga ubavu kwa ubavu, nikazibandika ukutani nyuma ya reli. Kiwanda kikawa kirefu maradufu, na upana wake ni vidole vitatu tu. Nyuma hakuna kitu, na hakuna anayechungulia.

Ningejua mapema, ningechora reli kwanza ndipo ninunue jengo. Kiwanda kisicho na behewa la kuingia wala la kutoka ni picha tu. Nimetumia mpango wa Mwingereza Alan Wright uitwao Inglenook: pointi mbili (sehemu za kubadilishia njia) na njia tatu, moja ya mabehewa matano, mbili za matatu matatu. Ile ndefu inapita mlango wa magunia ya sukari, nyingine inaishia kwenye tangi la molasi, ya tatu inashusha chokaa ya kusafishia maji ya miwa. Mabehewa ni manane. Unapiga kura ya matano na kuyapanga kwa mfuatano uliotoka. Mifuatano inayowezekana ni 6,720. Mpwa wangu huchomoa vikaratasi kwenye kikombe na kunipigia kelele: "Mjomba, la molasi mbele!" Jioni nzima inaisha hivyo.

Mtaalamu atanishika hapa: reli yangu ina upana wa milimita 16.5, ambao kwa skeli hii ni ule wa SGR. Reli inayopita Muhoroni ni ya mita moja, kwa haki ingekuwa milimita 11.5. Basi mji wangu umepata SGR kabla ya Kisumu. Nimekubali yaishe.

Nyumba za wafanyakazi zilikuwa kazi ya wikendi moja, katoni na gundi.

Ukiwa huku kando ya ziwa, usipake rangi usiku taa ikiwaka na dirisha wazi. Wadudu wa ziwani waliingia kama moshi wakajibandika kwenye ukuta mbichi. Wengi niliwatoa kwa koleo ya nyusi. Wawili wamebaki juu ya tangi la molasi. Wana milimita tano kila mmoja, yaani kwa skeli hii zaidi ya sentimita 40, na mpwa wangu amekataa niwabandue.

"Mjomba, waache. Hao ni kunguru."