Dalek wawili boksi moja: seti ya 1963 kutoka B&M, ninunue au niache?

Niseme mapema wadau, mi na hii seti tunapendana, kwahiyo mkiona nimesifia kupita kiasi mnisamehe. Naongelea ile seti ya midoli ya History of the Daleks namba moja, ya kwanza kwenye mfululizo wao, imetengenezwa na Character Options, zikawa zinauzwa kwenye maduka ya B&M huku Uingereza. Ndani ya boksi kuna Dalek wawili wa hadithi yao ya kwanza kabisa kwenye Doctor Who, ile iliyoanza kurushwa BBC tarehe 21 Desemba 1963. Wote wawili rangi ya fedha na bluu, yaani ukimwonyesha mtu asiyejua atakwambia umepigwa, umeuziwa kitu kilekile mara mbili. Na ubishi wote uko hapohapo, nakuja.

Kwa wale ambao hawajawahi kuiona, Doctor Who ni tamthilia ya BBC ya toka Novemba 1963 mpaka kesho, kuna jamaa anaitwa Doctor anasafiri kwenye muda na anga akiwa na kibanda cha polisi cha bluu, na steringi akikaribia kufa anageuka sura na tabia anakuwa mtu mwingine, ndo maana wamepita waigizaji kibao na picha haliishi. Adui wake namba moja ni Dalek. Hana miguu, hana uso, ni gamba la chuma lenye jicho moja refu mbele, bunduki fupi upande mmoja na upande wa pili ule mpira wa kuzibulia choo, sitanii, ndivyo ulivyo. Ndani ya gamba kuna kiumbe kilichoharibiwa na vita ya sayari yao ya Skaro, kinachoamini kila asiyefanana nacho inabidi afe. Mwandishi wao Terry Nation alisema wazi kwamba alikuwa anawafikiria Wanazi, na ukishajua hilo ile sauti yao ya kukwaruza haichekeshi tena.

Sasa tuje kwenye mdoli wenyewe. Saizi ni ile ya kukaa na sanamu za inchi tano na nusu ambazo Character wamekuwa wakizitoa miaka yote, kwahiyo kama unaye William Hartnell, yule Doctor wa kwanza mzee mwenye nywele nyeupe, anasimama nao bila kuonekana jitu wala mbilikimo. Kichwa kinazunguka mzima mzima, jicho linapanda na kushuka, bunduki na mkono vinazungushika pande zote, na chini kuna vigurudumu. Basi. Hakuna sauti, hakuna taa, hakuna betri. Kuna watu wanalalamika kuhusu sauti, mi naona afadhali, maana midoli ya kuongea nyumba yenye watoto unaijua mwenyewe, siku ya tatu unatafuta skrubu ya kutolea betri.

Kilichonifurahisha zaidi ni jinsi walivyoheshimu umbo la 1963. Mtu wa kawaida anadhani Dalek ni Dalek, ila ukiwa mgonjwa wa haya mambo unaona tofauti toka mlangoni. Wale wa mwanzo kabisa kifuani wamezungukwa na mikanda mitupu, hawana zile pau za kusimama ambazo tumezoea kuziona, zile zilikuja 1965. Chini nako kitako ni chembamba, hakijatokeza, wakati wale wa hadithi ya Dalek Invasion of Earth ya mwisho wa 1964 walipewa kitako kinene ili waburuzike kwenye barabara za London, wakapita mpaka Westminster Bridge, na mgongoni wakabandikwa dishi. Dishi la nini? La kupokea umeme, maana wale wa kwanza walikuwa wanatumia umeme wa sakafu ya chuma ya mji wao, nje ya sakafu ile hawafurukuti. Kwenye hadithi wanamkamata mmoja kwa kumpaka tope jichoni na kumsukumia juu ya joho, umeme ukakatika, kwisha habari yake. Mdoli naye ukimweka kwenye kapeti vigurudumu vinagoma, ukimrudisha mezani anateleza vizuri tu, sasa sijui ni makusudi au bahati lakini mi nimelipokea kama heshima kwa historia.

Afu rangi. Hapa nataka nikae kidogo. Hiyo bluu unayoiona kwenye zile nundu za sketi, yaani mwili wake wa chini, na Dalek halisi wa BBC anazo 56, safu za nnenne kuzunguka mwili mzima, hiyo bluu mtazamaji wa 1963 hakuwahi kuiona. Televisheni ilikuwa nyeupe na nyeusi. Watu walioona hadithi ile wakiwa watoto waliona kijivu juu ya kijivu, na kwenye tamthilia yenyewe Dalek hakuonekana kwa rangi mpaka tarehe 1 Januari 1972 (sinema za Dalek alizoigiza Peter Cushing za 1965 na 1966 zilikuwa na rangi, ila hizo ni habari nyingine). Wale wa 1963 wenyewe walipata rangi mwaka 2023, BBC walipoifupisha ile hadithi na kuipaka rangi kwa ajili ya miaka 60. Kwahiyo unaposhika huu mdoli umeshika kitu ambacho walikiona watu wa studio tu, mafundi na waigizaji, na bluu yenyewe ni tamu, siyo ile ya kuwaka, imetulia juu ya fedha isiyong'aa sana. Ukitaka uwaone kama walivyoonwa, piga picha kwa simu afu itoe rangi, weka taa upande mmoja tu, utashtuka.

Haya, kwanini wawili wanaofanana na siyo mmoja kwa bei nafuu? Hili swali naulizwa na kila mtu anayeingia kwangu, shemeji yangu ndo kabisa halimuishi mdomoni. Jibu ni kwamba Dalek mmoja peke yake juu ya kabati ni pambo. Wawili wakitazamana wameshapanga njama. Na BBC wenyewe walicheza mchezo huohuo, maana kwa hadithi ile yote walitengenezewa Dalek wanne tu, kazi walipewa mafundi wa kampuni ya Shawcraft ya Uxbridge, na kila mmoja ana mtu kakaa ndani anamsukuma kwa miguu yake. Wanne! Kwa mji mzima! Walipotaka waonekane wengi wakaweka nyuma picha kubwa za Dalek zilizokuzwa, zimesimamishwa tu hapo, na ukitazama leo kwa makini unaziona hazipumui. Kwahiyo mwenye boksi mbili ana idadi sawasawa na BBC ya 1963, na mwenye boksi moja akiweka kioo nyuma ya kabati anaye wanne pia kwa nusu ya bei. Mi nimeweka kioo.

Ndo maana siwaungi mkono wanaosema seti ingependeza kama mmoja wao angekuwa bosi mwenye rangi tofauti. Kwenye ile hadithi ya kwanza mambo ya Dalek mweusi mkubwa wa msafara hayakuwepo, hayo yalikuja 1964. Kinachotisha kwa hawa ni kwamba huwezi kumtofautisha huyu na yule. Ukiwapa mabosi na makoplo umeshawafanya watu.

Kuna jina moja linapaswa kukumbukwa kila anayenunua haya madude anapofungua boksi, Raymond Cusick. Huyu ndiye aliyewachora. Mwandishi alieleza tu kiumbe gani anataka, hakina miguu, kinateleza, mchoro wote ni wa Cusick, aliyekuwa mbunifu wa BBC mwenye mshahara wake wa mwezi. Na kazi yenyewe aliangukiwa tu, maana aliyetarajiwa kuifanya ni Ridley Scott, yule yule aliyekuja kuwa mwongozaji mkubwa wa sinema, ratiba ikamkatalia. Inasimuliwa kuwa siku moja wakati wa chakula Cusick alichukua kichupa cha pilipili manga akakisogeza mezani kumwonyesha fundi jinsi Dalek atakavyotembea, na toka hapo Waingereza wakang'ang'ania kwamba Dalek alitokana na kichupa cha pilipili, jambo ambalo mwenyewe alilikataa. Terry Nation alikuwa na haki zake kwenye Dalek, midoli ilipojaa madukani miaka ya 64 na 65 akawa tajiri. Cusick alipewa bonasi ya pauni 100. Amefariki 2013. Mi nikiangalia lile umbo ambalo miaka sitini na kitu bado linauzwa, roho inaniuma kidogo kwa niaba yake, ila ndo mikataba hiyo, kazi ya ofisi ni mali ya ofisi.

Mapungufu yapo. Jicho na bunduki ni vyembamba, na ndo vitu vya kwanza mtoto anavyovishika akitaka kumwinua, kwahiyo kama una mtoto wa miaka mitatu minne nyumbani, juu ya kabati, siyo rafu ya chini. Stendi haipo, japo haihitajiki sana kwa kitu kinachosimama chenyewe. Na kwa mtu anayetaka mdoli wa kuchezea, wa kumkunja miguu na kumpiga sarakasi, hapa hakuna kitu, ni kichwa, jicho na mikono miwili basi. Fedha yake pia inashika alama za vidole, uwe na kitambaa laini karibu.

Bei dukani ilikuwa kama pauni 20 hivi kwa wote wawili, na kwa soko la midoli ya wakusanyaji la siku hizi hiyo ni bei ya chimbo kabisa. Tatizo ni kwamba hii namba moja ni ya miaka kadhaa nyuma, dukani usihangaike nayo, sasa hivi ni kwa watu wenye nazo. Hapo ndo unakutana na walanguzi. Mmoja alinitajia bei nikadhani anauza na gari. Mi niliipata kwa mkusanyaji mwenzangu aliyekuwa anapunguza vitu ahamie nyumba ndogo, boksi halijafunguliwa, bei ya kiungwana, kwahiyo kabla hujakimbilia minada ya mtandaoni uliza kwanza kwenye magrupu ya mashabiki au nenda kwenye maonyesho ya midoli, kuna wazee pale wanauza kwa huruma ukionyesha unaijua hadithi.

Ukinunua iliyofunguliwa, omba picha ya jicho kwa pembeni uone kama limenyooka, omba na picha ya chini uone vigurudumu vyote vipo. Na hakikisha wale wawili ni wa seti moja kweli, maana wapo wanaochanganya, mmoja wa 1963 na mwingine mwenye pau kifuani, afu wanaandika seti kamili. Ukiona pau kifuani au dishi mgongoni jua huyo ni wa seti nyingine, siyo mbaya, ila siyo huyu. Kwa anayetaka kuchukua seti moja tu asiendelee, mi ningesema chukua hii. Kama una mpango wa kuzifuata zote basi jiandae na nafasi, kwangu rafu ya vitabu imeshahama.