Mkaa wa polo kwenye shisha: unafaa au tunajitesa?

Asalaam alaykum jamaa zangu wa Unguja, Pemba na kwengineko. Leo mezani sina simu wala spika, nina mkaa. Mkaa huu huu mnaopikia wali. Kila nikionesha shisha hapa, mtu ataandika: "Kaka, kwa nini unatupa pesa kwa makaa ya paketi na jikoni mna polo zima?" Haya, leo tunalimaliza.

Hapa kulia ni mkaa wa polo, yaani wa gunia, nimeununua sokoni Mwanakwerekwe kwa kopo. Katikati ni vile vipande vya mraba vya vifuu vya nazi. Huku kushoto ni vya duara, vinavyowaka kwa kiberiti. Hivi vya duara sitavipotezea muda: vimetiwa shura, ile chumvi inayotiwa kwenye baruti, ndiyo maana ukiviwasha vinaruka cheche namna hii, na ile harufu ya baruti inakukaa kooni mpaka tumbako inaisha. Naviweka kando.

Turudi kwa mkaa wetu. Sogea, sogea karibu, kamera ione. Nachukua vipande viwili nagonga. Mmesikia? Mlio mkali, kama unagonga kigae. Huu umeiva, miti yake ilikuwa migumu na tanuri lilifungwa vizuri. Sasa sikilizeni huu mwengine. Tup. Hauna mlio. Nauvunja... tazameni hapa katikati, rangi ya kahawia. Hizi bado ni kuni! Kipande hiki ukikipandisha juu ya shisha utavuta moshi wa kuni, ladha ya nanaa uliyoilipia hutaiona hata kidogo. Na ndani ya kopo moja vyote viwili vimo, kwa sababu mchoma mkaa anamfikiria mpishi, na mpishi hajali.

Kwa hiyo ukiamua kutumia wa polo, chagua kwa mkono. Mkaa wa mvinje mimi naupenda, mzito, unashika moto na haukimbilii kuwa majivu. Wa miti laini unawaka haraka na kufa haraka. Kuna watakaokwambia wa mikoko ndio mfalme. Moto wake kweli ni mkali, lakini mikoko ni hifadhi, ndiyo inayoshika pwani zetu zisiliwe na bahari, na samaki wanakulia kwenye mizizi yake. Sitakaa hapa nikupigie debe la mkoko kwa ajili ya shisha.

Haya, tumewasha. Seredani, kipepeo, hakuna mafuta ya taa tafadhali, kaa linainyonya ile harufu na wewe utaivuta. Subiri mpaka weusi wote uishe na kipande kivae majivu meupe. Hapa ndipo watu wengi wanakosa subira. Kikiwa bado na weusi kinatoa moshi, na moshi ule unaingia kwenye mpira wa kuvutia moja kwa moja.

Sasa nakipandisha. Mnaona kinavyoyumba? Hakina tumbo bapa. Kimegusa foili iliyofunika tumbako sehemu moja tu, pale pembeni, na pale pale tumbako inaungua, upande wa pili hata haijapata joto. Mivuto ya mwanzo ni mitamu, halafu unaanza uchungu. Utakuwa unazungusha kwa koleo kila mara. Na kila ukigusa, majivu yanadondoka. Halafu hii hapa, oneni: cheche imeruka, imetoboa mkeka. Mkeka wa ukindu, wa mama. Nitajua la kumwambia.

Dawa yake ni kuvunja vipande vidogo, vitatu au vinne ukubwa wa dole gumba, ukavipanga ukingoni, usiweke katikati. Hapo joto linakuwa sawa zaidi. Ila kabla hujakaa vizuri vimekwisha, unarudi seredani tena. Vipande vya vifuu vinakwenda karibu saa nzima, vina pande bapa, majivu kidogo, harufu hakuna. Kwa kazi ya shisha vimeshinda, sibishani na hilo.

Linaloniudhi ni bei yake, na zaidi ya bei, kule vinakotoka. Ukigeuza paketi nyingi utasoma Indonesia. Indonesia! Sisi huku vifuu tunavitia motoni kuchemshia maji, Pemba vimelala chini ya minazi. Na kazi yenyewe si ya ajabu: kifuu kinachomwa kikose hewa, kinasagwa, kinakandwa na wanga, wanga wa muhogo unafaa, kinakatwa na kukaushwa. Kama kuna kikundi cha akina mama au vijana wanaotengeneza hapa visiwani, niandikieni, nitanunua na nitawaonesha hapa bila ya kulipwa.

Sasa sikilizeni, hili silipiti. Muuzaji akikwambia makaa yake ni ya asili hayana kemikali, ni kweli hayana shura. Lakini mkaa wowote, wa mvinje, wa kifuu, wa duara, ukiwaka unatoa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na inashika damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinachokugonga baada ya shisha, kizunguzungu, kichefuchefu, watu wanasema "imenikamata". Hiyo ndiyo iliyokukamata. Maji ya chini kwenye chupa hayaizuii. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2005 kwamba mtu akivuta shisha kwa saa moja anaweza kuingiza moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Kwa hiyo mkishawasha, iwe ni barazani au uani. Vile vyumba vya Mji Mkongwe vyenye kidirisha kimoja, na seredani ndani, na mtoto amelala: hapana. Mtu akianza kuishiwa nguvu mtoeni nje kwanza, halafu hospitali, msimpe maziwa mkamwambia apumzike.

Alama zangu: mkaa wa polo kwenye shisha nampa nne kwa kumi, na hizo nne ni za bei. Kwenye chetezo nampa tisa. Kipande kimoja kilichoiva, majivu kidogo juu yake, udi unafuka taratibu bila kuungua, hakuna cha paketi kinachokifikia. Ukienda kununua mwambie muuzaji akutolee kutoka katikati ya polo, chini ni chenga tupu, na gonga kabla ya kulipa. Akinuna, kuna mwengine hatua mbili mbele.

Na makaa yaliyobaki yatieni mchanga, msiyamwage kwenye ndoo ya plastiki. Ndani yanakaa na moto muda mrefu kuliko unavyodhani.