Siku nne Ulaya wakati wa joto: mji upi uupe pesa yako

Matangazo ya safari hayakwambii kwamba Roma ya Julai na Athens ya Agosti ni joto la Dar es Salaam lililokosa upepo wa bahari. Ugiriki huifunga Acropolis saa za mchana jua likizidi. Ilifanya hivyo mwaka 2023 na miaka iliyofuata. Mtu wa Tanga au Mombasa ana sababu gani ya kulipa nauli ya Ulaya akatafute kivuli?

Kitu tusichokuwa nacho sisi, na wenzetu wa kaskazini mwa Ulaya wanacho tele mwezi Juni, ni mwanga wa jioni. Huku jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, ukizidi au kupungua kidogo. Mwishoni mwa Juni, Copenhagen na Amsterdam jua huzama kama saa nne usiku, na Berlin saa tatu na nusu. Kwa siku nne unapata zaidi ya saa kumi na mbili za nyongeza, yaani mchana mzima usioulipia hoteli.

Kwa hiyo nimeipanga miji hii kwa mambo matatu: joto na mwanga, urahisi wa kutoka uwanja wa ndege hadi mjini, na gharama ukishafika. Umaarufu sikuuhesabu.

Kabla ya mji, viza

Ombi la viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, hivyo ukichagua mji umeshachagua ubalozi. Angalia kwanza nchi hiyo inapokelea wapi maombi ya watu wa kwenu, maana safari ya kwenda kutoa alama za vidole mji mwingine nayo ina nauli yake. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukikataliwa hairudi. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Kanuni inasema zisibaki chini ya siku 15, lakini anayesubiri hadi hapo anacheza kamari, kwa sababu nafasi za miadi za majira ya joto hugombaniwa. Tiketi ya ndege isiyorudishwa inunuliwe viza ikiwa ndani ya pasipoti.

London haimo. Uingereza si Schengen, viza yake ni nyingine kabisa, na siku nne hazitoshi kulipia mbili.

1. Berlin

Si mji mzuri wa sura. Ni mkubwa, umetapakaa, na sehemu nyingine ni zege tupu. Naupa nafasi ya kwanza kwa sababu kwa pesa ile ile unapata mambo mengi kuliko kwingineko, na mengi ya maana ni bure. Kuba la bunge, Reichstag, huingii kwa kiingilio. Unajiandikisha mapema mtandaoni kwa majina yaliyo kwenye pasipoti. Tempelhofer Feld ni uwanja wa ndege wa zamani uliogeuzwa bustani mwaka 2010, na jioni watu huchoma nyama na kuendesha baiskeli kwenye njia zilikoruka ndege. Ziwa Schlachtensee liko hatua chache kutoka kituo cha treni chenye jina hilo hilo. Unashuka, unaogelea, unarudi.

Kwa Mtanzania kuna deni jingine. Katika Museum für Naturkunde, makumbusho ya viumbe na maumbile, amesimama dinosaria mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, na mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913. Walioichimba ni wenyeji, na ni wapagazi walioibeba hadi bandari ya Lindi. Kusimama chini ya shingo ile unajisikia fahari na uchungu kwa mpigo mmoja, na mjadala wa mali hiyo ni ya nani utakuwa nao hadi usiku. Siku ile ile panda treni hadi Neukölln: mtaa uliokuwa na jina la Wissmann, gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, tangu 2021 unaitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa jina la mwanasiasa wetu Lucy Lameck. Upande wa Wedding, kwenye kile kinachoitwa mtaa wa Kiafrika, sehemu ya njia iliyokuwa na jina la Peters, jina la mkoloni Carl Peters, tangu 2024 inaitwa Maji-Maji-Allee.

Chakula halali si tatizo hata kidogo. Kreuzberg na Neukölln zimejaa migahawa ya Waturuki na Waarabu. Uwanja wa ndege, BER, upo nje kidogo, kama nusu saa kwa treni ya haraka, na tiketi iwe ya kanda ABC, kwa sababu ile ya AB haifiki uwanjani na wakaguzi hawataki hadithi. Tahadhari mbili tu. Makumbusho ya Pergamon yamefungwa yote kwa ukarabati tangu Oktoba 2023, hivyo usiyawekee siku. Nenda Neues Museum ukaione sanamu ya Nefertiti, malkia wa Misri ya kale. Na Jumapili maduka hufungwa. Mwenye orodha ya zawadi anunue Jumamosi.

2. Copenhagen

Kama pesa isingekuwa hoja ungekuwa wa kwanza. Kutoka uwanja wa ndege hadi katikati ya mji ni robo saa kwa metro, na metro hiyo haifungwi usiku kucha, kwa hiyo hata ndege ya saa saba usiku haikutii hofu. Maji ya bandari ni safi kiasi kwamba tangu 2002 pale Islands Brygge pana mahali pa kuogelea, bure, na waokoaji wapo wakati wa msimu. Ukichoka na Denmark, treni inavuka daraja la Øresund na kukufikisha Malmö, Sweden, kwa dakika kama 40, kwa viza ile ile.

Bei za migahawa ndizo zinazouma. Wenyeji wenyewe hununua mkate na samaki dukani wakaketi ukingoni mwa maji, nawe fanya hivyo bila aibu. Wanatumia krone, si euro, ila kadi inapokelewa karibu kila mahali. Beba koti la mvua hata Julai.

3. Amsterdam

Faida yake kubwa ni ndege. KLM na Kenya Airways huruka moja kwa moja kutoka Nairobi, na KLM hutua pia Kilimanjaro na Dar es Salaam. Katika safari ya siku nne, kuepuka kusubiri ndege nyingine kwa saa sita ni faida inayoshikika. Treni kutoka uwanja wa ndege, Schiphol, hadi kituo kikuu huchukua kama robo saa.

Hasara yake ni malazi. Tangu 2024 ushuru wa mgeni ni asilimia 12.5 ya bei ya chumba, na mara nyingi huongezwa mwishoni, baada ya wewe kushafurahia bei. Lala Haarlem: kamji kazuri, robo saa kwa treni, na ufukwe wa Zandvoort uko jirani. Nyumba ya Anne Frank, msichana Myahudi aliyejificha humo asikamatwe na Wanazi, huuza tiketi mtandaoni tu, kila Jumanne, kwa siku za wiki sita mbele. Ukifika mlangoni bila tiketi utapiga picha ya mlango. Vivuko vya nyuma ya kituo kikuu ni bure, na mimi nautazama mji ule kwa raha zaidi kutoka ng'ambo kuliko nikiwa kwenye boti za watalii.

4. Lisbon

Mji pekee wa kusini ninaouruhusu Juni, kwa sababu ya upepo wa Atlantiki. Metro inaanzia uwanja wa ndege. Usiku wa Juni 12 mitaa ya Alfama hujaa moshi wa dagaa wakubwa wa kuchoma, sikukuu ya Mtakatifu Antonio. Mtu wa Malindi au Mombasa afike Belém, kwenye monasteri ya Jerónimos: ndipo lilipo kaburi la Vasco da Gama, yule aliyepita pwani yetu mwaka 1498. Tramu namba 28 ipande alfajiri au iache; mchana imejaa watalii na wachomoaji wa pochi. Bahari ya Cascais ni baridi, usidanganywe na picha.

5. Kraków

Hapa, Poland, ndipo pa mwenye mfuko mdogo. Chumba, chakula na tiketi vyote ni rahisi kuliko miji minne ya juu, na mji mkongwe unatembewa wote kwa miguu. Machimbo ya chumvi ya Wieliczka yana ubaridi hata nje kukiwaka jua. Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, iko kama kilomita 70; itengee siku yake na uandikishe mapema. Fedha yao ni zloty.

Miji niliyoiweka chini, hata ukikasirika

Paris naiweka ya sita, na najua nitagombezwa. Notre-Dame imefunguliwa tena tangu Desemba 2024, na mwaka 2025 watu waliruhusiwa kuogelea mto Seine baada ya marufuku iliyoanza 1923. Lakini siku nne za Julai zitaishia kwenye foleni. Ukienda, kumbuka Louvre haifunguliwi Jumanne.

Roma, Athens, Venice na Barcelona zihamishie Aprili au Oktoba. Roma karibu na Agosti 15 wenyeji wako pwani na maduka mengi yamefungwa, ingawa mabomba ya maji ya kunywa ya mitaani, bure na ya baridi, ni neema. Venice ilianza mwaka 2024 kutoza wanaokuja kwa siku moja bila kulala, katika siku zilizotangazwa.

Juni au Agosti?

Juni ikiwezekana, tena wiki zake za mwanzo: mwanga unakaribia kilele, shule nyingi za Ulaya bado hazijafunga, na vyumba havijapanda bei ya Julai. Likizo ya katikati ya mwaka ya shule za Tanzania inaangukia hapo hapo. Shule za Kenya hufunga Agosti, na hapo orodha inabadilika kidogo: Berlin na Copenhagen zinabaki palepale, Lisbon inashuka chini ya Kraków.