SSD ipi ununue Dodoma: nazipanga kwa kasi inayodumu

Ukiingia duka la kompyuta mjini Dodoma, iwe jirani na Nyerere Square au kule Majengo, utaulizwa kwanza unataka GB ngapi, kisha mtaanza kuvutana bei. Kuna swali jingine ambalo mimi nalitanguliza: SSD hii (diski ya chipu isiyo na sehemu inayozunguka), kwenye kompyuta yangu hii, mwakani itakuwa bado inakimbia? Siku ya kwanza karibu kila SSD ni nyepesi, hata ile ya bei ya kutupa. Tofauti hujitokeza baadaye, diski ikishajaa na kufutwa mara nyingi, na hapo ndipo watu huanza kusema "SSD siku hizi ni feki".

Mara nyingi si feki. Ukifuta faili, Windows hufuta jina tu kwenye kumbukumbu zake, na bila amri maalumu SSD yenyewe haiambiwi kitu. Ni kama gesti za hapa mjini wakati wa Bunge la bajeti: mgeni akiondoka alfajiri na ufunguo bila kuaga mapokezi, chumba ni kitupu lakini daftari linasema kina mtu. Amri ya kuaga ndiyo hiyo inaitwa TRIM. Chipu za SSD haziwezi kuandikiwa juu ya maandishi ya zamani. Lazima sehemu ifutwe kwanza, tena hufutwa kwa mafungu makubwa. Bila TRIM, diski inabaki kuhamisha data iliyokwisha kufa kutoka fungu moja hadi jingine, kuandika kunasuasua na chipu zinachakaa mapema.

TRIM hupitia kwenye draiva ya diski, yaani programu ndogo inayounganisha Windows na diski. Windows imeanza kuituma tangu Windows 7 ya mwaka 2009, lakini XP na Vista hazina. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, jua kompyuta yako. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika fsutil behavior query DisableDeleteNotify, kisha bonyeza Enter. Jibu likiwa 0, TRIM imewashwa. Likiwa 1, imezimwa. Wengi huisoma kinyume kwa sababu sifuri inaonekana kama "hapana". Kumbuka jibu hilo linahusu upande wa Windows tu. Upande wa diski, programu ya bure ya CrystalDiskInfo huonyesha neno TRIM kwenye mstari wa vipengele vya diski: likiwa limekolea, diski inaielewa, likiwa limefifia, haiielewi.

Jambo la pili ni tundu. Laptopu nyingi zilizotumika zinazouzwa hapa, za Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad, hutofautiana kwa miaka. Za zamani zina nafasi ya inchi 2.5 ya SATA (njia ya zamani ya kuunganisha diski) tu. Za karibuni zina tundu la M.2, la SSD nyembamba kama kijiti, na hapo kuna mtego: M.2 nyingine ni ya SATA, nyingine ni ya NVMe (njia mpya yenye kasi zaidi), na kijiti kinafanana kwa umbo. Tazama meno yake. Chenye mikato miwili kwa kawaida ni SATA, chenye mkato mmoja upande mmoja kwa kawaida ni NVMe. Usiishie kwenye meno, tafuta jina la modeli ya laptopu na usome inakubali kipi.

Sasa nazipanga, bora ikitangulia.

1. NVMe yenye chipu za TLC, kama laptopu yako ina tundu lake

TLC ni chipu zinazohifadhi biti tatu kwenye kila seli. Hapa ningechukua WD Blue SN570 au SN580, au Samsung 980. Hazina RAM yao wenyewe, lakini hukopa kipande kidogo cha RAM ya kompyuta kutunzia ramani ya data, na draiva ya NVMe iliyomo ndani ya Windows 10 na 11 inalijua jambo hilo bila wewe kusakinisha kitu. Linux za miaka ya karibuni nazo zinalijua. SN570 ya GB 500 ina dhamana ya miaka 5 na uvumilivu wa kuandikiwa terabaiti 300, kiasi ambacho mwanafunzi wa UDOM au karani wa Mtumba hatakimaliza kwa kazi za kawaida.

Tahadhari ninayoirudia kwa kila mtu ni ya laptopu za Intel kizazi cha 11 kwenda juu. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa na kitu kinaitwa VMD, mfumo wa Intel wa kusimamia diski, kimewashwa kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka). Ukianza kuweka Windows upya, ukurasa wa kuchagua diski unakuja mtupu. Mwanafunzi mmoja wa Ng'ong'ona aliambiwa na fundi kwamba SSD yake mpya imekufa, akakaribia kununua nyingine. Ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni draiva ya Intel Rapid Storage kwenye flashi ya kusakinishia: unabonyeza Load driver, unaichagua, diski inatokea palepale. Njia nyingine ni kuzima VMD, ila uizime kabla ya kuweka Windows. Ukiizima baadaye, mashine inaweza kugoma kuwaka vizuri. Inaniuma mtu kulipa mara mbili kwa ajili ya faili dogo la bure.

Na kama ofisi yako bado imeng'ang'ania Windows 7, usinunue NVMe kabisa. Mfumo huo haukuja na draiva yake.

2. SATA yenye TLC na RAM yake ndani

Samsung 870 EVO na Crucial MX500. Kwa laptopu ya inchi 2.5, hakuna ninachokiamini zaidi. SATA huishia karibu megabaiti 550 kwa sekunde, wakati NVMe nzuri ya kawaida hufika 3,500, lakini kwa mtu anayefungua Excel, kivinjari na PDF za mihadhara tofauti hiyo haionekani kama namba zinavyodai. Kinachoonekana ni kwamba hizi hazilegei. RAM ya ndani inashika ramani ya data, jambo ambalo SATA isiyo nayo haiwezi kulikopa kwa kompyuta. 870 EVO ya GB 500 inavumilia terabaiti 300, dhamana miaka 5.

Ukiingia BIOS, weka SATA iwe AHCI, hali ya kawaida ya kuongea na diski. Dell nyingi hutoka zikiwa "RAID On". Windows huenda nayo kwa draiva ya Intel, lakini anayetaka kuweka Linux huenda asiione diski yake kabisa. Badilisha kabla ya kusakinisha, si baada.

MacBook Pro ya 2012 yenye diski ya inchi 2.5 pia inaingia hapa. Apple haiwashi TRIM yenyewe kwa SSD ya kampuni nyingine. Fungua Terminal, andika sudo trimforce enable, ukubali maswali yake.

3. SATA ya bei nafuu isiyo na RAM

Kingston A400 na Crucial BX500 ndizo utakazoonyeshwa kwanza karibu kila duka. Sizikatai. Kwa mashine iliyokuwa na diski ya kuzunguka, mabadiliko ni makubwa. A400 ya GB 480 ina dhamana ya miaka 3 na terabaiti 160. Lakini ukiijaza hadi pomoni, utajuta. Acha angalau sehemu moja ya tano ikiwa wazi, na mara mojamoja iache laptopu imewaka bila kazi ili diski ijisafishe. Kama bei kati yake na MX500 inatofautiana kidogo, ongeza hiyo kidogo.

Kingston NV2 naiweka hapahapa ingawa ni NVMe, kwa sababu kampuni haikujifunga na aina moja ya chipu: ya kwako inaweza kuwa TLC, ya jirani QLC, inayobana biti nne kwenye seli moja na kuandika polepole zaidi.

4. SATA ya QLC

Samsung 870 QVO, kwa mfano. Ni ya kutunzia picha na video. Ukiiandikia faili kubwa mfululizo, kasi huporomoka baada ya akiba yake ya haraka kujaa. Usiweke Windows humo kama una chaguo jingine.

5. SSD ndani ya kasha la USB

Hapa kila kitu kinategemea chipu ya kasha. Makasha mengi ya bei rahisi hayapitishi TRIM, hivyo SSD nzuri inalegea kwa kosa lisilo lake. Uliza kama kasha linakubali UASP, njia ya haraka ya USB ya kuongea na diski. Ukilichomeka, Device Manager ioneshe "USB Attached SCSI". Ikionesha "USB Mass Storage" tu, rudisha. SSD za nje zinazotangazwa kuwa na terabaiti 16 kwa bei ya chakula cha siku mbili, achana nazo hata kuzishika. Kuna zinazofunguliwa na kukutwa kadi ya kumbukumbu ndani.

Kwa SSD yoyote iliyotumika, mwombe muuzaji aichomeke palepale na ufungue CrystalDiskInfo. Tazama afya, saa ilizowaka na jumla ya data iliyoandikwa. Akikataa, ondoka. Kama unaagiza Dar na mzigo unakuja kwa basi hadi stendi ya Nanenane, kubaliana mapema nani atalipa nauli ya kuirudisha ikiwa mbovu, na udai risiti ya EFD yenye namba ya diski iliyoandikwa, kwa sababu madai ya dhamana huanzia hapo.