Ripoti za uendelevu za Safaricom mikononi mwa kijana anayetafuta mwajiri

Mdogo wangu, aliyehitimu uhandisi wa umeme mwaka huu, hataki kuomba kazi katika kampuni yoyote kabla ya kujua inayatendeaje mazingira na watu wake. Wenzake wengi wana msimamo huohuo, nami nauheshimu. Kwa hiyo tuliketi jioni mbili tukasoma ripoti za uendelevu za Safaricom, ambazo kampuni hiyo imekuwa ikizichapisha tangu 2012 na ambazo mtu yeyote huzipata bure kwenye tovuti yake.

Sehemu ya nishati ndiyo iliyotufaa kuliko zote. Safaricom imeahidi kufikia sifuri halisi ya hewa ukaa, yaani kutoongeza hewani zaidi ya kiasi kinachoondolewa, ifikapo 2050, lakini mwaka huo mdogo wangu atakuwa na umri wa karibu miaka 50, na ahadi ya mbali kiasi hicho haimsaidii kuamua leo. Kinachomsaidia ni kuona kazi inayohitajika ili ahadi itimie. Umeme wa gridi ya Kenya kwa sehemu kubwa hutokana na jotoardhi ya Olkaria, maji na upepo, hivyo ugumu umo zaidi katika minara ya mawasiliano iliyo mbali na gridi au inayokatikiwa umeme mara kwa mara, ambayo hutegemea jenereta za dizeli. Kuziondoa jenereta hizo na kuweka paneli za jua na betri ni kazi ya mhandisi wa umeme hasa. Tulipofika hapo, maswali yake yalibadilika: betri hudumu miaka mingapi, nani huzitunza, na zikichakaa hupelekwa wapi.

Upungufu ninaouona ni mmoja, nao ni mzito. Kampuni yenyewe imeajiri watu elfu kadhaa, ilhali mawakala wa M-Pesa, ambao si waajiriwa wake, wanazidi 200,000, na kazi nyingi za minara hufanywa na makandarasi. Lengo la Safaricom kwamba watu wenye ulemavu wafikie 5% ya wafanyakazi wake, kwa mfano, ni zuri sana, lakini kijana atakayeajiriwa na mkandarasi hana hakika kwamba litamfikia. Namsihi kila mwombaji aulize mapema mkataba wake utatiwa saini na nani.

Ripoti hizi zisomwe za miaka miwili au mitatu kwa pamoja, kwa sababu malengo hubadilika. Unilever, kampuni ya kimataifa ya bidhaa za nyumbani iliyokuwa imeahidi kupunguza kwa nusu matumizi ya plastiki mpya (isiyotokana na plastiki iliyorejelewa) ifikapo 2025, ilitangaza mwaka 2024 kwamba sasa inalenga 30% ifikapo 2026.

Naipa Safaricom nyota nne kati ya tano. Tangu Soko la Hisa la Nairobi litoe mwongozo wake wa taarifa za aina hii Novemba 2021, imekuwa rahisi zaidi kulinganisha kampuni zilizoorodheshwa, na mdogo wangu ameshaanza kusoma ripoti za KenGen, kampuni ya Kenya ya kuzalisha umeme, kalamu mkononi.