Nyumba ya wageni Mji Mkongwe, Zanzibar: boriti safi, saruji imeniudhi
Tumelala siku mbili kwenye nyumba ya kale iliyokarabatiwa karibuni, uchochoroni nyuma ya Forodhani. Jina nalihifadhi. Marehemu baba alikuwa fundi chokaa, kwa hiyo mie hugonga ukuta kwanza, bei baadaye.

Mlango wa nakshi wameuacha ulivyo, Mungu awabariki. Dari ni boriti za mikoko, na chumba chembamba: urefu wa boriti ndio huamua upana.

Lakini chini! Wamepiga plasta ya saruji juu ya mawe ya matumbawe. Chokaa huuachia unyevu utoke. Saruji huufungia ndani. Nyuma ya kitanda rangi ilikuwa imevimba. Nikaigusa kwa ukucha, ikadondoka pamoja na unga wa chumvi. Kijana wa mapokezi akanambia, “Mvua hiyo, mama.” Mvua gani, kaskazi yote hii, msimu wa jua kali? Na mji huu umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, na Beit al-Ajaib, lile jumba la sultani la 1883, tumeiona sehemu yake ikiporomoka Desemba 2020.

Kahawa ya barazani jioni, tamu. Nyota tatu. Ombeni chumba cha juu.