Uzoefu wangu wa kupima tezi Mbeya: karatasi ya TSH inahitaji mtu wa kukuuliza maswali

Natumia levothairoksini kwa sababu tezi yangu ya thairoidi, hii iliyopo shingoni, haitoi homoni ya kutosha. Vipimo vyangu vyote nafanyia Mbeya mjini, na mpaka sasa nimepita kwenye maabara binafsi mbili na kliniki moja ya magonjwa ya ndani. Ninaandika nikimfikiria mtu wa Tukuyu, Mbozi au Chunya anayeamka alfajiri kuwahi gari, anatoa damu, halafu anarudi nyumbani na karatasi yenye herufi H pembeni ya TSH bila kuambiwa hiyo H ina maana gani kwake. TSH ni homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi, na H ni “high”, yaani iko juu ya kawaida; ikipanda, mara nyingi maana yake homoni ya tezi haitoshi.

Maabara ninayoipenda sio yenye jengo zuri. Nimebaki nayo kwa sababu ya maswali ya pale mapokezi: leo umemeza dawa? Saa ngapi? Kipimo cha mwisho ulifanyia wapi? Ile nyingine walinichoma sindano, wakanipa risiti, basi. Ukimeza kidonge asubuhi kisha ukatolewa damu, T4 huru (homoni ya tezi yenyewe iliyo kwenye damu, kwenye karatasi huandikwa FT4) inaweza kuonekana juu kwa saa kadhaa, kwa hiyo mimi natoa damu kwanza, kidonge kinafuata. TSH nayo hubadilika kwa saa: usiku hupanda, mchana hushuka. Ndiyo maana najitahidi kufika asubuhi kila mara, ili karatasi ya leo ilingane na ya zamani. Majibu wanayatuma WhatsApp siku hiyo hiyo, na hilo kwa mtu anayetoka mbali ni msaada mkubwa. TSH peke yake bei yake inavumilika. Ukiongeza FT4 mfuko unasikia, na T3, homoni nyingine ya tezi, siku hizi sikubali kuuziwa, maana daktari alinieleza kwamba kwa anayerekebishiwa dozi ya levothairoksini haisaidii kuamua chochote.

Maabara hizo mbili hazitumii vizio vya kupimia vinavyofanana, na hapa watu wanapata presha bure. Moja ilinipa FT4 ya 14.2, nyingine 1.1. Dada yangu alipoziona mezani alishika mdomo akidhani homoni imekwisha mwilini. Kumbe moja imeandika pmol/L na nyingine ng/dL, na ukizidisha 1.1 kwa 12.87 unapata 14.2 ile ile. TSH haina shida hiyo, kwani mIU/L na µIU/mL namba yake ni moja. Hata hivyo kila maabara ina mashine yake na kiwango chake cha kawaida, mara nyingi kuanzia 0.4 hadi 4 na ushee. Chagua moja ubaki nayo.

Sasa niseme kilichonifanya niithamini kliniki kuliko maabara zote mbili. Nilikuwa nimetulia kwa mikrogramu 75, TSH yangu ikicheza kwenye 2 na pointi. Kikaja kipimo kikasema 8.4. Kituo kimoja nilichopita kwanza, daktari aliangalia karatasi, hakuniangalia mimi, akaandika 100. Sikuridhika, kwa sababu uzito wangu ulikuwa ule ule, dawa ya kampuni ile ile, na sikuwa nimeruka hata siku moja. Nikaenda kliniki. Kabla sijaingia kwa daktari, nesi mmoja mtu mzima aliniketisha akaniuliza, “Mama, mbali na hii ya tezi unameza nini kingine? Hata cha dukani nitajie.” Nikamtajia fefo, vidonge vya madini ya chuma, nilizoandikiwa kwingine kwa ajili ya upungufu wa damu. Akauliza nazimeza saa ngapi. Asubuhi, pamoja na ile ya tezi, kwa sababu hakuna aliyeniambia zitenganishwe.

Madini ya chuma huishika levothairoksini tumboni ikashindwa kuingia kwenye damu. Vidonge vya kalsiamu na vile vya kiungulia navyo hufanya hivyo. Zinatakiwa kupishana kwa saa nne. Daktari aliacha dozi kwenye 75, fefo zikahamia usiku, akaniambia nirudi baada ya wiki sita hadi nane. TSH ikarudi 2.6. Laiti ningeanza zile 100 na baadaye nikamaliza fefo, dawa ingenizidi: moyo kwenda mbio, jasho, usingizi kukimbia, na kwa miaka mingi hata mifupa kudhoofika na mapigo ya moyo kuvurugika. Swali la yule nesi halikuwa na bei kwenye risiti.

Kuhusu hizo wiki sita hadi nane, najua zinachosha. Unataka kujua mapema. Lakini levothairoksini hutoka mwilini taratibu, inachukua kama wiki nzima nusu yake kuondoka, kwa hiyo dozi mpya hukaa sawa baada ya wiki tano au sita. TSH yenyewe inatoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, nayo huchelewa zaidi kutulia. Ukipima wiki ya tatu utapata namba iliyo njiani, na daktari mwenye haraka ataipandishia dozi. Tena TSH hukuza mambo: T4 ikipungua kidogo tu, TSH hupanda mara kadhaa. Kutoka 3 kwenda 6 sio kwamba ugonjwa umeongezeka mara mbili.

Dalili nazo kwa nyanda zetu zina mtego wake. Kusikia baridi ni dalili ya tezi kulegea, lakini Juni na Julai hapa Uyole nani hasikii baridi? Kila mtu ana sweta na kitenge juu. Mimi daktari huwa namwambia mambo ambayo baridi haiyaelezi: choo kigumu, sauti kukwaruza, nywele kukatika, hedhi kuwa nzito, uvimbe wa uso asubuhi.

Na watu watakushauri chumvi. Rovu lilikuwa jambo la kawaida nyanda za juu kusini enzi za wazee wetu, ardhi yetu ikiwa na uhaba wa madini joto, na chumvi yenye madini hayo imesaidia sana. Kwa hiyo jirani akisikia tezi anakuambia ongeza chumvi, au ununue matone ya madini joto. Kwangu kipimo cha anti-TPO kilionyesha kinga ya mwili wangu ndiyo inayoishambulia tezi, ugonjwa alioueleza daktari Mjapani, Hakaru Hashimoto, mwaka 1912. Madini joto ya ziada hayatibu hilo na yanaweza kulizidisha. Chumvi ya kawaida ya jikoni inatosha. Hicho kipimo cha anti-TPO chenyewe kikishasema ndiyo, hakuna haja ya kukilipia kila mara.

Vitu viwili ambavyo hakuna maabara iliyowahi kuniuliza, nanyi muulizeni daktari wenu. Kwanza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini. Hivi vinaweza kuidanganya mashine, TSH ikasomeka chini na FT4 juu, ukaambiwa dawa imekuzidi wakati sivyo. Viache angalau siku mbili kabla ya kupima. Pili uji wa lishe. Wengi wetu tunaupika kwa soya, na soya hupunguza dawa inayoingia. Sikuacha uji. Kidonge nameza kwa maji matupu nikiamka, na saa nzima inapita kabla ya uji au chai ya maziwa.

Maabara naipa alama nzuri kwa usahihi na haraka, ila naitaka ianze kuandika saa ya kutoa damu kwenye karatasi ya majibu. Kliniki foleni yake ni ndefu, fika mapema na vidonge vyako vyote kwenye mfuko, pamoja na karatasi za zamani. Kwa mjamzito ushauri wangu wa kusubiri wiki sita usiufuate. Mahitaji ya homoni hupanda mapema mno, na nusu ya kwanza ya mimba TSH hupimwa karibu kila wiki nne, kwa hiyo ukiona siku zimepita na unatumia dawa ya tezi, nenda kliniki wiki hiyo hiyo na uendelee kumeza dawa yako.